Kumsifu na Kumwabudu Mungu Tukiwa Ugenini



 Somo la mwezi huu linahusu namna ambazo Biblia inatuonyesha za kumsifu na kumwabudu Mungu. Tumelichagua kwa sababu maswali yamekuwa mengi. Wengine wanauliza kama ni halali kucheza kanisani. Wengine wanauliza kwa nini tunapiga magoti kwenye udongo wakati viongozi wengine husali wamesimama. Wapo wajane wanaotuambia kwamba kipindi cha sifa ndicho kinachowafanya wachelewe kwa makusudi, kwa kuwa hawawezi kuruka na kupiga makofi wakiwa na mzigo walio nao. Na wapo wanaotoka nje wimbo fulani unapoanza, halafu wanarudi ukiisha. Jambo hilo la mwisho tutalifikia, maana hatuwezi kulikwepa.

Mnajua jinsi tulivyokusanyika hapa Nakivale. Chini ya paa moja wamo waliotoka CELPA na CEPAC, wamo Metodisti Huru, wamo Waanglikana, na wamo waliookoka hapahapa ugenini ambao hawajui kanisa lingine. Kila mmoja alipokimbia aliacha nyumba na mashamba, lakini desturi ya kuabudu hakuiacha, aliibeba moyoni. Basi tukikutana Jumapili kila mtu anadhani desturi yake ndiyo Biblia yenyewe. Ni vema tufungue Maandiko tuone yanasema nini. Tunaomba mwenye Biblia aishike mkononi, kwa sababu hatutaandika mistari yote hapa. Tutawaonyesha mahali, nanyi mtasoma wenyewe.

MANENO YENYEWE

Lugha ya Kiebrania, ambayo Agano la Kale liliandikwa ndani yake kwa sehemu kubwa, haina neno moja tu la sifa. Ina maneno mengi, na mengi kati ya hayo yanagusa viungo vya mwili.

Lipo neno halal, ambalo maana yake ni kusifu kwa kujivunia mtu, kumtaja kwa fahari. Tukiliunganisha na jina la Mungu kwa kifupi, Yah, tunapata Haleluya, yaani msifuni Bwana. Kwa hiyo Haleluya siyo kelele ya kuamsha watu waliosinzia, kama wengine tunavyoitumia. Ni amri kwa watu wengi kwamba wamsifu Bwana. Lipo neno yada, kushukuru na kukiri, ambalo walimu wengi wa Biblia wanalihusisha na mkono. Lipo neno barak, kubariki, ambalo linafanana na neno la Kiebrania la goti. Lipo neno zamar, kuimba pamoja na kupiga nyuzi za chombo cha muziki. Na lipo neno la kusujudu, shaha, maana yake kuinama mpaka chini. Neno hili la mwisho ndilo ambalo mara nyingi hutafsiriwa kuabudu. Inatupendeza kuona kwamba katika Mwanzo 18:2 neno hilohilo linatumika Abrahamu anapoinama mbele ya wageni watatu waliofika hemani kwake wakati wa jua kali. Mzee yule, naye mgeni katika nchi, aliwapokea wageni kwa heshima kubwa, na baadaye akajua alikuwa anasema na nani.

Kiswahili chetu nacho kina utajiri. Kuabudu na ibada ni maneno yaliyotoka katika Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya kuwa mtumwa au mtumishi. Kiebrania kina neno la jamii hiyohiyo, avad, lenye maana ya kufanya kazi, kutumika, na pia kuabudu. Sasa soma Kutoka 1:13-14, halafu usome Kutoka 7:16. Neno linalotumika kwa kazi ngumu ya matofali aliyowalazimisha Farao ndilo linalotumika Mungu anapodai watu wake waachiliwe wakamtumikie jangwani. Kwa maneno mengine, Israeli hawakutolewa Misri ili wakae bure. Walitolewa chini ya bwana mkatili wakapewa Bwana mwema. Sisi tuliowahi kubebeshwa mizigo ya askari kwa nguvu njiani tunaweza kuelewa andiko hili upesi kuliko wasomi wengi. Kumwabudu Mungu ni kukataa kwamba yule mwenye bunduki ndiye bwana wetu.

MWILI WOTE UNASIFU

Tupite haraka juu ya mambo ambayo hayana ubishi mkubwa. Kupiga makofi na kupaza sauti ya shangwe kumo katika Zaburi 47:1. Vigelegele vya mama zetu, ingawa havikutajwa kwa jina, tunaona viko jirani kabisa na ile sauti ya shangwe, wala hatuoni sababu ya kuwanyamazisha. Kuinua mikono kumo katika Zaburi 63:4 na 134:2, na Paulo anakuhimiza katika 1 Timotheo 2:8, ila anaongeza sharti kwamba mikono hiyo iwe mitakatifu, bila hasira na mabishano. Kupiga magoti kumo katika Zaburi 95:6, na Danieli alipiga magoti mara tatu kwa siku akiwa uhamishoni, madirisha yake yameelekea Yerusalemu (Danieli 6:10). Katika Nehemia 8:6 watu wanafanya yote mawili kwa mfuatano: wanainua mikono wakijibu Amina, kisha wanainamisha nyuso mpaka nchi. Basi anayeinua mikono asimdharau anayepiga magoti, na anayepiga magoti asimwite mwenzake mtu wa kujionyesha.

Vyombo vya muziki navyo vimo. Zaburi 150 inataja baragumu, vinanda, vinubi, matari, zeze, filimbi na matoazi. Hatuoni gitaa wala kinanda cha betri, lakini hatuoni katazo pia. Ngoma ya kwetu ya ngozi ya mbuzi, kayamba la matete na likembe ni ndugu wa vyombo hivyo. Zamani, katika makanisa mengi ya kwetu Kongo, ngoma ilikatazwa kwa sababu ilihesabiwa kuwa chombo cha mizimu. Tunawaheshimu wazee waliolelewa hivyo, na tunajua dhamiri haibadilishwi kwa siku moja. Lakini ngozi na mti ni viumbe vya Mungu. Swali ni nani anayesifiwa kwa kuvipiga.

Kuhusu kucheza, tusome 2 Samweli 6:12-23 bila haraka. Sanduku la agano linaletwa Yerusalemu. Daudi, mfalme mzima, amevaa efodi ya kitani, anacheza mbele za Bwana kwa nguvu zake zote. Mikali binti Sauli anachungulia dirishani, anamdharau moyoni. Wahubiri wengi huishia hapo: wanamsifu Daudi, wanamkemea Mikali, kisha wanatuambia sote turuke. Sisi tunawaomba msome mstari wa 19. Daudi alipomaliza kucheza na kutoa sadaka, aliwagawia watu wote chakula, wanaume kwa wanawake, kila mtu mkate wake na sehemu yake. Yeyote aliyewahi kupanga foleni ya mgao na kuambiwa kwamba jina lake halimo kwenye orodha anaona uzito wa maneno yale, kila mtu. Ngoma ya Daudi ilifika mpaka kwenye sufuria ya jirani. Ngoma yetu ikiishia mlangoni mwa kanisa haijafika pale ilipofika ya Daudi.

Na asiyeweza kucheza je? Wapo kati yetu walemavu wa miguu, wapo waliopigwa risasi, wapo mama waliofanyiwa ukatili na hawataki macho ya watu juu ya miili yao. Katika Matendo 16:22-25 Paulo na Sila wamechapwa, miguu yao imefungwa kwenye mkatale, ni usiku wa manane. Hawakuweza kucheza wala kupiga magoti. Walichobaki nacho ni sauti, wakaitumia, na wafungwa wengine wakawa wanasikiliza. Hana, mama yake Samweli, hata sauti hakuwa nayo. Midomo yake tu ndiyo iliyotikisika, na kuhani Eli akamdhania kuwa amelewa (1 Samweli 1:12-17). Sisi watumishi tuwe waangalifu hapo. Kiongozi wa sifa anayesema kwenye kipaza sauti kwamba asiyeruka ana pepo la huzuni, anasimama mahali pa Eli kabla hajajua ukweli.

SIKU MOJA YA YEHOSHAFATI

Kama tungeulizwa tuchague sura moja tu ya Biblia inayofundisha juu ya sifa, tungechagua 2 Mambo ya Nyakati 20. Karibu kila namna ya kuabudu imo ndani yake.

Taarifa zinamfikia mfalme Yehoshafati kwamba majeshi ya Moabu na Amoni na wenzao yanakuja. Biblia haifichi: aliogopa. Imani haikumfanya ajidai shujaa. Anatangaza mfungo. Watu wanakusanyika kutoka miji yote ya Yuda. Katika maombi yake anakumbuka matendo ya Mungu ya zamani, kisha anamaliza kwa kukiri kwamba hawana nguvu, hawajui la kufanya, macho yao wameyaelekeza kwa Mungu. Wangapi kati yetu tulisali sala hiyo tukiwa njiani kuelekea mpakani, pengine bila kujua imeandikwa?

Mstari wa 13 unasema waliosimama pale walikuwa wanaume pamoja na wake zao na watoto wao wadogo. Tafadhali, kina baba, uwekeni alama mstari huo. Watoto hawakuambiwa wakacheze nje mpaka wakubwa wamalize kusali. Walioogopa pamoja waliabudu pamoja.

Ndipo Roho wa Bwana anamshukia Yahazieli, Mlawi wa uzao wa Asafu, ukoo wa waimbaji. Analeta neno la kuwatia moyo. Angalia mfuatano baada ya hapo: mfalme na watu wote wanainama uso mpaka nchi, wanasujudu (mstari wa 18). Walawi wanasimama na kusifu kwa sauti kuu sana (mstari wa 19). Siku hiyohiyo, mbele ya Mungu huyohuyo, wengine wako chini kimya na wengine wamesimama wanapaza sauti, na hakuna aliyemwambia mwenzake kwamba anakosea. Kumbuka pia kwamba adui bado hajaondoka. Sifa hii imetangulia ushindi.

Kesho yake waimbaji wanawekwa mbele ya jeshi, wanaimba kumshukuru Bwana kwa fadhili zake zisizokoma, na Bwana anawavuruga maadui wakapigana wenyewe kwa wenyewe. Siku ya nne watu wanakusanyika katika bonde na kumbariki Bwana, na bonde linaitwa Beraka, yaani baraka. Kisha wanarudi Yerusalemu na vinanda, vinubi na tarumbeta.

Hapa tunataka kuonya. Sura hii inatumiwa vibaya. Kuna wanaopita nyumba kwa nyumba wakifundisha kwamba ukiimba usiku saba mfululizo na kutoa sadaka maalumu, faili lako la kwenda ng'ambo litatembea, au waliokufukuza kwako watakufa. Yehoshafati hakuimba ili amlazimishe Mungu. Mungu alikuwa amekwisha kusema, ndipo wao wakaimba kwa sababu wameamini. Sifa siyo hongo. Mwezi wa kwanza mwaka 2025, Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, safari zilifutwa za watu waliokuwa wamekwisha kuuza sufuria na magodoro. Kati yao walikuwamo waombaji na waimbaji waaminifu. Hawakukosa imani, na Mungu hakuwa amelala. Anayewaambia kwamba hawakusifu vya kutosha anaongeza jeraha juu ya jeraha.

KILIO NACHO NI IBADA

Kitabu cha Zaburi kwa Kiebrania kinaitwa Tehilim, maana yake sifa. Lakini ukihesabu utaona kwamba aina inayopatikana kwa wingi kuliko nyingine ndani yake ni zaburi za maombolezo. Wayahudi waliona sawa kukiita kitabu chote Sifa, pamoja na vilio vile vyote. Kwao mtu anayemlilia Mungu hajaacha kumsifu, maana analia mbele ya Yule anayemwamini.

Soma Zaburi 13. Inaanza kwa kumuuliza Mungu mpaka lini, na swali linarudiwa mara nne. Inamalizika kwa wimbo. Sasa soma Zaburi 88. Hii haimaliziki kwa wimbo. Inamalizika gizani. Wengine wanashangaa iliingiaje katika Biblia. Sisi tunamshukuru Mungu kwamba imo, kwa sababu kuna usiku ambao mtu hawezi kufika hata mwisho wa Zaburi 13, na Mungu alijua kwamba tungehitaji sala ya usiku huo.

Ayubu alipopokea habari za watoto wake, alirarua joho lake, akanyoa kichwa, akaanguka chini, akasujudu (Ayubu 1:20). Huo ni msiba wote, na papo hapo ni ibada. Na Ezra 3:10-13 inatuonyesha waliorudi kutoka uhamishoni wakiweka msingi wa hekalu. Vijana wanashangilia, wazee waliokumbuka nyumba ya kwanza wanalia kwa sauti, na watu hawakuweza kutenganisha sauti ya shangwe na sauti ya kilio. Hapa kwetu tunao vijana waliozaliwa kambini, ambao Fizi na Uvira wanazijua kwa masimulizi tu. Wanapoimba kwa furaha na bibi analia kwenye mkeka wake, wasimzuie, na bibi naye asiwakasirikie. Mungu anasikia zote mbili.

Kwa sababu hiyo wazee wa kanisa wamekubaliana kwamba kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, kabla ya kwaya kuanza, tutasoma zaburi moja ya maombolezo, halafu tutakaa kimya kwa muda. Kimya nacho ni ibada (Habakuki 2:20). Asiwepo wa kupiga kinanda katika muda huo, hata polepole.

WIMBO KWA LUGHA YA JIRANI

Sasa tuje kwenye jambo gumu. Katika ibada zetu tunaimba Kiswahili, lakini pia Kibembe, Kifuliiru, Kirundi na Kinyarwanda. Kila mmoja wetu anajua lugha aliyoisikia kwenye midomo ya waliokuja kuchoma nyumba yake. Hatutataja ni ipi, kwa kuwa kila lugha kati ya hizo ina mtu anayeiogopa hapa. Wimbo ukianza kwa lugha hiyo mwili unakumbuka kabla ya akili. Mikono inatoka jasho. Mtu anasimama na kutoka.

Zaburi 137 iliandikwa kwa ajili ya watu kama sisi. Waliochukuliwa kwenda Babeli baada ya Yerusalemu kuanguka, karibu mwaka 586 kabla ya Kristo, wamekaa kando ya mito wanalia. Waliowateka wanawataka waimbe nyimbo za Sayuni, kama burudani. Wao wametundika vinubi vyao mitini na wanauliza watawezaje kuimba wimbo wa Bwana katika nchi ya ugeni. Tunaipenda sana sehemu hiyo. Mwisho wa zaburi hatuusomi kanisani, kwa sababu unatisha: mtunzi anawatakia watoto wa Babeli kifo cha kikatili. Tusiuruke. Mtu huyu ana hasira ya kuua, na kitu alichofanya na hasira hiyo ni kuipeleka kwa Mungu katika sala. Hakuchukua panga. Alisema yote mbele za Hakimu wa kweli, akayaacha huko. Kijana mwenye ndoto za kulipa kisasi, mlete kwenye zaburi hii kabla wengine hawajamleta msituni.

Lakini Bwana wetu anatupeleka mbele zaidi. Katika Mathayo 5:23-24 anasema ukileta sadaka madhabahuni ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka hapo, enda ukapatane naye kwanza, kisha urudi uitoe. Angalia vizuri anasema na nani. Anasema na yule ambaye ndugu yake ana neno juu yake, maana yake yule aliyekosa. Hasemi na aliyekosewa kwamba asamehe upesi ili kipindi cha sifa kiendelee. Mara nyingi tumesikia andiko hili likigeuzwa, likitumiwa kumsukuma mjane amkumbatie mtu mbele ya kanisa. Hivyo sivyo lilivyoandikwa. Mwenye deni ndiye anayeanza safari.

Basi tufanyeje Jumapili? Tunashauri mambo mawili. Anayehitaji kutoka nje, atoke kwa amani, asifuatwe na maneno, na dada au ndugu mmoja wa kabila lake akae naye chini ya mti. Na wenye lugha hiyo wasiache kuimba, kwa kuwa lugha haikuua mtu, na bibi zao waliwafundisha kumwita Mungu kwa lugha hiyo kabla ya vita kuwako. Ufunuo 7:9-10 unaonyesha watu wa kila taifa na kabila na lugha wakiwa mbele ya kiti cha enzi. Hatuambiwi kwamba lugha zao zilifutwa ndipo wakaingia. Imetokea hapa kwetu kwamba aliyekuwa akitoka nje ameanza kubaki, beti moja, halafu mbili. Imechukua miaka. Hatujui kama wote watafika hapo katika maisha haya, na hatutawapangia tarehe.

SIFA YA MATUNDA

Waebrania 13:15-16 inaweka mambo mawili mstari mmoja baada ya mwingine: dhabihu ya sifa ambayo ni tunda la midomo, na kutenda mema na kushirikiana, ambazo pia zinaitwa dhabihu. Nabii Amosi alitumwa kuwaambia watu waliotenganisha mambo hayo kwamba Mungu hataki kusikia kelele za nyimbo zao wala vinanda vyao, anataka haki itiririke (Amosi 5:21-24). Kwaya ikigombania sare mpya na huku mzee wa jirani hana mtu wa kumchotea maji, basi Amosi anasema nasi. Jerikeni moja la maji likipelekwa mlangoni kwake ni zaburi nzuri.

Tuliopewa kipande cha ardhi hapa tuna nafasi ambayo wakimbizi wa nchi nyingine wengi hawana. Tunalima mahindi na maharage. Soma Kumbukumbu la Torati 26:1-11. Mwisraeli analeta kikapu cha malimbuko, na anasimulia historia: baba yake alikuwa mtu wa kutangatanga, alishuka Misri akakaa ugenini, akateswa, Bwana akamtoa. Simulizi hiyo ni sehemu ya ibada. Kisha mstari wa 11 unamwagiza afurahi pamoja na Mlawi na mgeni aliye kwake. Mavuno yajayo, tunaomba kila familia italeta kidogo ilicho nacho, hata kibaba kimoja cha maharage, na baba au mama asimame aseme kwa maneno machache: tulitoka wapi, Bwana alituvusha vipi, na leo tumeleta nini. Yaliyoletwa yatagawiwa kwa waliofika karibuni na kwa wagonjwa. Ambaye mvua ilimnyima mavuno alete simulizi peke yake. Nayo itapokelewa.

Jambo dogo la mwisho, nalo ni kuhusu spika. Paulo anataka yote yafanyike kwa uzuri na utaratibu (1 Wakorintho 14:40). Mungu alimsikia Hana bila sauti, hivyo atatusikia hata tukipunguza sauti baada ya saa tatu usiku. Majirani zetu wana watoto wachanga, na baadhi yao ni Waislamu wanaoamka alfajiri kusali. Betri ya sola nayo itadumu.

KWA FAMILIA NYUMBANI

Wiki ya kwanza someni 2 Mambo ya Nyakati 20:1-30 kwa pamoja, na watoto waeleze ni namna ngapi za kuabudu wamezihesabu. Wiki ya pili someni Zaburi 13, na kila mtu aseme swali lake moja la mpaka lini. Msilijibu, liombeeni tu. Wiki ya tatu someni 2 Samweli 6:12-19 na mwulizane ni nani katika mtaa wenu ambaye hakupata sehemu yake. Wiki ya nne mfundishane wimbo mmoja wa sifa kwa lugha ambayo si ya nyumbani kwenu, kama moyo umekuwa tayari. Kama bado, imbeni wa kwenu.

Wasio na Biblia waonane na katibu wa kanisa siku ya Jumatano jioni baada ya maombi. Zipo chache za kuazima, za Kiswahili na za Kirundi, nazo zirudishwe baada ya wiki mbili ili wengine wasome.